Mwaka Tuliomtoa Somoe Tukamchukua Zuhura

Mwalimu Mbonde alifariki wakati nimelazwa na presha, maziko yakanipita. Nilifika Umwe siku ya arobaini yake, asubuhi, bodaboda kutoka Ikwiriri ikanishusha mlangoni na vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Wanawake wakanipokea mkoba, wakanipa ungo, wakaniingiza chumba cha pili, kile cha nyuma ya sebule, walikokuwa wanachagua mchele. Miaka yote niliyoizoea nyumba ile sikuwahi kukaa katika chumba hicho. Mimi kwa Mwalimu nilikuwa mtu wa sebuleni, tangu nilipokuwa nahodha wa timu ya mpira wa pete ya kijiji, na watu wa sebuleni hawajui chumba cha pili kikoje. Kumbe ni kidogo, kina magunia ya mpunga upande mmoja na kidirisha kisichotosha kupitisha hata kuku. Nikakunja miguu kwenye mkeka. Kulia kwangu alikuwa amekaa Somoe, binamu yangu, aliyekuja kutoka Kiongoroni jana yake. Akaniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba huku nacheka, kama ninavyofanya kila mara, maana tumepishana miezi mitatu tu.

Halafu wanaume wakaanza kuzungumza sebuleni. Kuta za nyumba ile hazifiki juu. Zinaishia kidogo juu ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo mpaka kwenye bati ni hewa tupu. Nilimsikia shehe akiuliza wasomaji wako wangapi. Nilimsikia mtu akivuta chai kwa sauti na mwingine, bila kunyanyua sauti hata kidogo, akimwambia mwenzake kwamba mkwe wa marehemu ni bahili. Kila neno lilidondoka kwenye ungo wangu pamoja na chuya. Mikono ikasimama. Nikapiga hesabu ya siku moja ya zamani, nani alikaa wapi na nani alikuwa anafanya nini. Miaka ishirini na minane imepita tangu siku ile. Sikuwahi kujiuliza Somoe alikuwa wapi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na kiburi cha watu watatu. Mfanyabiashara mmoja wa Kibiti alikuwa ametangaza dume la ng'ombe kwa timu ya wanawake itakayoshinda mashindano ya vijiji, na tangu siku hiyo sikuota kitu kingine. Si nyama niliyoitaka, Mungu anajua. Nilitaka kuingia nalo Umwe nimeshika kamba, watu wametoka milangoni. Timu yetu ilikuwa nzuri nyuma na mbovu mbele. Nyuma tulikuwa na Somoe, mfupi, mpana, miguu imeota ardhini, mlinzi ambaye mfungaji akimwona anaanza kukosa kabla hajarusha. Mimi nilimwita Kinu. Yeye aliniita Korongo kwa ajili ya miguu yangu, na mbele za watu alikuwa akiniuliza kama leo nimeshakula vyura. Ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu wa kuzaliwa, na sisi tuliutumia utani huo asubuhi mpaka jioni. Tulitukanana kisimani, tulitukanana tukipalilia mpunga, tulitukanana mpaka akina mama wakatuomba tunyamaze walau mfungo uishe. Siku nilipougua malaria alikaa kitandani kwangu siku tatu akinilisha uji na kuniambia sura yangu inamtia kinyaa.

Wakaja watu wa Kiongoroni, kijiji cha visiwani huko delta, kucheza na sisi mechi ya kirafiki, safari ya mashua mpaka Nyamisati na lori mpaka kwetu. Hapo ndipo tulipomwona Zuhura. Sina namna ya kueleza mkono ule. Sisi wengine tulirusha mpira kwa mikono miwili, tunausukuma na kuomba dua. Yeye aliuchukua kwa mkono wa kulia peke yake, akauinua polepole juu ya kichwa, na ulipotoka ulikwenda kimya, ukaingia kwenye pete bila kugusa chuma. Alifunga ishirini na kitu. Somoe peke yake ndiye aliyemsumbua, na baada ya mechi viongozi wa Kiongoroni hawakuacha kumtazama. Wao walikuwa na wafungaji wa kutosha na hawakuwa na mlinzi hata mmoja wa maana. Kesho yake wakaleta maneno: tubadilishane. Sharti la mashindano lilikuwa kila mchezaji awe mkazi wa kijiji anachokichezea, kwa hiyo Zuhura angehamia Umwe na Somoe angehamia Kiongoroni, kila mmoja akapewe nyumba ya kukaa, mpaka dume lipate mwenyewe.

Walirudi siku ya Jumapili kupata jibu, mwenyekiti wao, Zuhura mwenyewe na bibi yake. Tuliwakaribisha barazani kwa Mwalimu Mbonde, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha na nazi ya kukuna. Mwalimu alimwomba Zuhura arushe mara kumi kwenye pete ya shule, akarusha, kumi zote zikaingia. Watu wakashangilia. Mimi nilimtazama aliporudi kukaa. Kilemba kilikuwa kimemlegea, akakifunga upya kwa mkono wa kushoto na meno, wa kulia ameulaza mapajani. Niliona. Nilijua kabisa nilichokiona, nikanywa chai yangu.

Bibi yake alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi tititi, ana sauti ya kuitia mashua. Wao wa visiwani na sisi wa asili ya vilima vya kusini ni watani, kwa hiyo tangu aliposhuka kwenye lori alikuwa ametutukana vya kutosha. Akaweka kikombe chini.

"Nyie Wamatumbi njaa ya nyama imewapofua," akasema. "Huyu mke mwenzangu mnayemtaka bega lake bovu. Likichomoka linachomoka lote, mie ndo nalirudisha kwa goti. Mara tatu mwaka uliopita! Haya mchukueni, mkalipikie supu."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwenyekiti wa Kiongoroni alicheka kuliko wote, huku akimtazama bibi kwa macho ambayo hayakucheka. Zuhura aliinama. Na mimi, kwa kuwa ndiye mwenye ulimi, nikamjibu.

"Sema tu una wivu, bibi! Mke mwenzio akiondoka nani atakuchotea maji?"

Kicheko kikazidi. Bibi alinitazama kwa kitambo, tena usoni hasa. "Haya," akasema. "Mie nishasema."

Tangu lini mtu akaamini maneno ya mtani? Mtani anakuja msibani kwako anavaa kanzu ya marehemu na kuigiza anavyotembea, na wewe mfiwa unacheka na machozi yanakutoka. Ndiyo kazi yake. Leo ninajua kwamba mbele ya mwenyekiti wa kijiji chake, aliyetaka biashara ile iishe salama, mwanamke yule hakuwa na njia nyingine ya kusema kweli ila hiyo. Aliipitisha mlango pekee uliokuwa wazi. Na sisi tuliizoea sana ile nguo aliyoivalisha hata hatukutazama ndani.

Tukaingia sebuleni, kamati peke yake, kuamua. Naikumbuka sebule hiyo kuliko vyumba nilivyolala: viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani iliyosimama kwenye saa tatu na dakika tano, picha ya Makka, na harufu ya nazi iliyokuwa inakunwa uani. Tulikuwa watatu: Mwalimu aliyetufundisha mpira, mwenyekiti wa timu yetu, na mimi.

"Mie naomba mnionyeshe mechi moja ambayo Somoe hakucheza," Mwalimu akaanza. "Kacheza ana homa. Kacheza siku ya pili baada ya kung'olewa jino. Huyu binti ana mkono ambao sijauona tangu nianze kufundisha, hilo halina ubishi. Lakini kila ninayemuuliza kacheza mechi ngapi mwaka uliopita, ananijibu kafunga magoli mangapi. Sikuuliza magoli mimi."

"Mwalimu, tunafungwa kwa sababu hatufungi," mwenyekiti akasema. "Ulinzi tutaupata. Mkono kama ule tukiuacha, utakwenda Mloka au Ikwiriri, tukutane nao mbele."

"Na ukiumia?"

"Utaumia kwa nini? Kwa maneno ya yule bibi? Mtani yule, Mwalimu!"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu alisema mchezaji wa nusu msimu ni nusu mchezaji, hata angekuwa malaika. Mwenyekiti alisema dume halipatikani kwa uangalifu. Kura zikawa sare, moja huku na moja kule, wakanigeukia. Sikuwaambia habari ya kilemba. Ningesema neno hilo moja, nimemwona akifunga kwa meno, Mwalimu angeshinda na Somoe angebaki. Badala yake nikaegemea kiti, nikataka kuwachekesha.

"Somoe? Huyo hata wangetupa samaki wawili wa ng'onda ningemtoa. Vinu viko kila nyumba. Mkono kama wa Zuhura uko mmoja."

Mwenyekiti alicheka mpaka akapiga paja. Mwalimu Mbonde hakucheka. Alitazama ukuta, kisha akanitazama mimi, kisha akasema, "Basi, imekwisha," kwa sauti ndogo. Nilidhani ameudhika kwa kushindwa.

Chakula kikaletwa. Wali wa nazi, kamba wa kukaanga walioletwa na wageni, na kisamvu. Aliyekileta alikuwa Somoe, kwa kuwa mke wa Mwalimu alimwita tangu asubuhi kumsaidia. Akatunawisha mmoja mmoja, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Alipofika kwangu alipiga goti kidogo.

"Karibu unawe, dada Mwanaidi," akasema.

Nilicheka! Nilimwambia mwenyekiti, mwone Kinu leo, kapata adabu. Somoe akamimina maji mpaka mikono yangu ikawa safi. Nikala wali ule nikashiba, nikaomba ukoko.

Aliondoka Jumatano na begi la kitambaa. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori nikimtania kwamba mbu wa delta watamkimbia, yeye akasema "Inshallah, dada". Zuhura akahamia kwangu, chumba kimoja, kitanda kimoja. Tukaanza kushinda, na sitasema uongo, ilikuwa raha. Tuliwafunga Mloka kwao, tukawafunga Ikwiriri mara mbili. Watu walikuja kutoka mashambani na majembe mabegani kumwona Zuhura akiinua mkono. Lakini ndani ya chumba niliona mengine. Alitwanga kwa mkono mmoja. Alilala ubavu mmoja tu. Kila baada ya mechi alichemsha maji, akalowesha kitambaa, akakiweka begani akiuma pindo la kanga. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa sakafuni, jasho linamtiririka, mkono unaning'inia kusiko. Kabla sijapiga kelele aliuegemeza ukingoni mwa kitanda, akajitupa juu yake kwa uzito wake wote. Nilisikia mlio. Mpaka leo nikivunja kuni kavu nausikia.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

Alinishangaa kweli. "Bibi si aliwaambia? Alisema kila kitu. Mara tatu, goti, yote. Mlicheka."

Nilikaa kitandani. Nilitaka kumkasirikia mtu nikatafuta nani, kila niliyemgeukia nilimkuta mimi mwenyewe nimesimama mbele yake na kikombe cha chai. Bado kulikuwa na nafasi ya kufanya jambo la haki. Ningemwendea Mwalimu, tungempumzisha, tungetuma ujumbe Kiongoroni Somoe arudi. Zuhura mwenyewe aliniomba nisiseme, alitaka kucheza, na mimi nikalipokea ombi lake haraka mno, kwa kuwa ndilo nililolitaka. Kuanzia siku hiyo nilimkanda kwa mafuta ya ufuta kila alfajiri, na nilijiita mwema kwa ajili hiyo.

Fainali ilichezwa Kibiti, na waliokuja kukutana nasi walikuwa Kiongoroni. Dume lilifungwa kwenye mkorosho pembeni mwa kiwanja, jeusi lenye doa jeupe, linatafuna bila wasiwasi. Somoe alikuwa amenawiri. Alipewa kumlinda Zuhura, na dakika zote zile alisimama mbele yake hatua moja, mikono juu, macho kwenye mpira. Huko Kiongoroni Somoe alishaijua siri ya bega, na hakumgusa hata mara moja, ingawa wachezaji wenzake walimpigia kelele ambane. Tulikwenda sawasawa mpaka mwisho. Zilibaki dakika chache, mpira ukanifikia mimi, nikautuma juu, juu kuliko ilivyopasa, kwa kuwa nilijua Zuhura peke yake ndiye angeweza kuufikia. Akaruka. Mkono ukapanda, ukapita pale unapoishia, na haukurudi. Alianguka kimya. Kelele tulizipiga sisi.

Nasema nilichofanya, maana habari hii haina faida nikikificha. Mpira ulimgusa mtu wa Kiongoroni, kisha ukatoka nje ya mstari. Mimi nikamkimbilia mwamuzi. "Mpira wetu!" nikapiga ukelele, nimenyoosha kidole. "Mwamuzi, mpira wetu!" Nilipogeuka, Somoe alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Zuhura kiko mapajani mwake, ameushika mkono ule kwa mikono yote miwili usicheze, na anamwimbia taratibu kama unavyomwimbia mtoto. Alinyanyua uso akanitazama. Hakukuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa jibu la swali aliloliuliza zamani.

Tulishindwa kwa goli moja. Dume lilikataa kupanda mashua Nyamisati, likachinjwa palepale ufukweni, nasikia nyama ilikuwa ngumu. Zuhura alikaa hospitali, akarudi kwao, na mkono wake haukuwahi tena kupanda juu ya sikio. Anauza samaki Kibiti sasa. Yeye ananipigia simu kila Idi kunitukana, mwizi wa mabega, mla vya watu, na mimi namtukana, na tunamaliza kwa kuulizana hali za wajukuu. Somoe hakurudi Umwe. Aliolewa hukohuko. Tumekutana harusini na misibani zaidi ya mara ishirini, na kila mara amenipa shikamoo, ameniita dada, ameniletea maji ya kunawa. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba wa visiwani wamemfunza adabu. Niliona ni utani mpya huo, wa kunizeesha kwa heshima. Nilicheka miaka ishirini na minane!

Basi nikauweka ungo chini. Sebuleni shehe alikuwa ameanza kukohoa kabla ya kusoma, na nilimsikia kama yuko mapajani mwangu.

"Somoe," nikasema. "Siku ile ya kamati. Ulikuwa umekaa wapi?"

Hakuuliza siku ipi. Aliokota jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Hapohapo ulipokaa, dada."

"Ukasikia."

"Mke wa Mwalimu naye alisikia. Akanishika mkono. Mwalimu alipotoka alinambia, Somoe, ukitaka kubaki mie nitasimama nawe. Nikamwambia la, nitakwenda."

"Ulikuwa utani," nikasema, na nilipoyasikia maneno yale yakitoka, hata mimi sikuyaamini. Nikasema tena. "Sikukutania. Nililitaka lile dume. Nilimwona Zuhura akifunga kilemba kwa meno, nikanyamaza. Nisamehe."

Akanishika goti. Mkono wake ulikuwa mkavu, una unga wa mchele. "Nilishakusamehe siku nyingi, hata ng'ombe hajachinjwa. Tena nilipata mume mwema kule. Usijitese, dada Mwanaidi." Akarudi kwenye ungo wake, na alipepeta vizuri, kama alivyofanya kila kitu, bila kukosa siku.

Khitma ikasomwa, tukala, jua likapita. Bodaboda yangu ikaja. Wanawake walitoka kunisindikiza, na Somoe akatoka nao, amebeba kikapu kidogo cha ng'onda alizoniletea kutoka delta, amezifunga kwa jani vizuri. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasimama katikati ya uwanja wa msiba, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikapaza sauti.

"Wee Kinu! Ng'onda zenyewe zinanuka kama wewe!"

Watu wakageuka. Wale wazee wanaotujua walishaanza kutabasamu, wanangoja. Mimi nilingoja kuliko wote. Neno moja tu. Angeniita Korongo mara moja, ningeondoka pale nimerudishiwa kila kitu.

Somoe alikuja mpaka niliposimama. Akaniweka kikapu mkononi, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kama anavyoshikwa mgeni wa mbali, na akainamisha kichwa.

"Safiri salama, dada Mwanaidi," akasema. "Ahsante sana kwa kuja."